Masizi ya Darakgol

Novemba 20, Jumatatu

Muuguzi amenipa daftari hili niandike uzito wa mume wangu kila tunapokwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Kabla: kilo 61.8. Baada: 59.5. Hesabu hiyo inakula mstari mmoja, na ukurasa una mistari ishirini na miwili. Mimi sijazoea kuacha kitu nusu, basi mengine nitayajaza mwenyewe.

Leo tukirudi taa ya njano imewaka mbele ya usukani, kijisanduku chenye vitone ndani. Nimemwuliza mume wangu, Du-sik, ni taa gani. Ameendesha malori miaka thelathini na mmoja, hakuna taa asiyoijua.

"Taa ya upuuzi," akasema. "Endesha, Mama Sorim."

Novemba 22, Jumatano

60.9, 59.4. Taa bado inawaka.

Novemba 24, Ijumaa

Gari limekata nguvu kwenye mwinuko wa kuingia bondeni kwetu, Darakgol. Nakanyaga, linaunguruma, haliendi. Mwendesha baiskeli ametupita na kutupungia mkono.

Nimelipeleka kwa fundi Ma, aliyesoma darasa moja na Du-sik. Huyu Ma simwamini. Huzungumza na injini vizuri kuliko na mwenye gari, na kila ukienda na ugonjwa mmoja unarudi na mitatu.

"Shemeji, gari hili unakwenda nalo wapi?"

"Hospitali. Kilomita sita. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Na kwingine?"

"Sokoni."

Akatikisa kichwa. "Basi unaliua. Gari la dizeli la miaka kumi na tano si la kwendea dukani. Huku chini kuna kichujio cha masizi. Masizi hujaa humo, na hayatoki mpaka yachomwe, na hayachomeki mpaka gari likimbie lipate moto hasa. Nusu saa barabara kuu, bila kusimama. Wewe unafika hospitali hata injini haijapasha."

"Sasa nifanyeje? Nimtafutie mume wangu hospitali ya mbali?"

"Kila Jumapili mpeleke akaone bahari. Mwende, mrudi."

Akaunganisha kompyuta yake, akayachoma masizi kwa nguvu pale pale kwenye sakafu ya saruji. Injini ilipiga kelele yenyewe bila mtu kukanyaga. Harufu ilikuwa kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Alinisogeza nyuma kwa mkono.

"Likiwa linachoma, hapo chini panaweza kuyeyusha risasi. Usilizime katikati. Na usilisimamishe juu ya nyasi kavu. Umesikia, shemeji?"

Nikasema nimesikia. Moyoni nilikuwa nawaza jinsi ya kumpata fundi mwingine.

Desemba 3, Jumapili

Tumekwenda baharini. Sikutaka, yeye pia hakutaka. Lakini tulipoingia barabara kuu Du-sik akakaa wima. Alianza kuyataja mahandaki kabla hatujayafikia: hili lina upepo mkali ukitoka, hili lilimuua rafiki yake. Akanisimulia majira ya baridi aliyokwama siku tatu kwenye theluji na shehena ya samaki hai, akawa anawapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Tumeoana miaka thelathini na minne na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

"Mimi na gari hili tumelingana," akasema. "Wote vichujio vimekufa."

Nilicheka mpaka ikanibidi nipunguze mwendo. "Usipunguze!" akafoka. "Masizi hayo!"

Taa imezimika.

Desemba 17, Jumapili

Baharini. Hakushuka garini. Tulitazama mawimbi kupitia kioo, tukarudi.

Desemba 19, Jumanne

Jirani yetu, Mzee Guk, amechoma tena mabua ya pilipili kando ya shamba lake. Kiongozi wa kijiji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kuchoma mashamba ni marufuku, milima imekauka. Mzee Guk, mtu wa miaka sabini na sita, alisimama katikati ya moshi akakijibu kile kipaza sauti: "Njoo unizimie wewe, basi!"

Ana mdomo mchafu na hana staha. Tangu mkewe azikwe pale mlimani juu ya shamba amezidi. Tuligombania mfereji wa maji miaka tisa iliyopita na hajanisamehe, wala mimi sijamsamehe.

Desemba 20, Jumatano

63.0! Daktari amefoka kwamba damu ina chumvi zinazoweza kuusimamisha moyo. Du-sik amekiri. Jana Mzee Guk alimpa kiazi kitamu cha kuchoma kupitia juu ya ukuta, naye akakila chooni. Viazi amekatazwa tangu mwaka juzi. Nimekwenda kumwambia Mzee Guk kwamba anaua watu. Akanijibu, "Mtu akifa ameshiba ana kosa gani?"

Januari 8, Jumatatu

61.1, 59.3. Theluji haijaanguka hata mara moja.

Januari 16, Jumanne

Taa imerudi, sasa inapepesa. Ma amechomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha. Oili imepanda badala ya kushuka. Nikamwambia tangu nizaliwe sijaona oili inayojiongeza. Akanisogezea kijiti puani. Dizeli tupu. Akaeleza kwamba gari likijaribu kuchoma masizi na kukatizwa njiani, mafuta yale huchuruzika mpaka kwenye oili. Amebadilisha oili, amechoma masizi tena.

"Kichujio kimefika mwisho, shemeji. Nakubembelezea tu. Likianza kuchoma, liache limalize. Nakuomba."

Aliinama kuokota kitambaa na nikaona kisogo chake kimeungua, alama ya zamani. Labda hatuibii. Labda ni mtu tu asiyejua kusema maneno matamu.

Februari 4, Jumapili

Baharini. Du-sik ameimba kwenye mahandaki.

Februari 10, Jumamosi

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Mtoto wetu Sorim hakuweza kuja, amepiga simu kutoka mjini Busan. "Mama, liuzeni hilo gari." Baba yake akajibu kutoka chumbani, "Atuuze pamoja, mimi na gari."

Februari 26, Jumatatu

61.6, 59.6. Upepo. Simu inalia kila asubuhi, ujumbe wa serikali wa kutuonya kuhusu ukavu.

Machi 3, Jumapili

Bonde limeungua. Siwezi kuandika.

Machi 4, Jumatatu

60.8, 59.5. Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana nikiacha siku zipite nitaanza kujidanganya.

Jana tulikuwa tunarudi kutoka baharini. Gari lilichelewa kuanza kuchoma. Tulipokuwa tunatoka barabara kuu ndipo feni ikaanza kuvuma na ile harufu ikaja. Nilitaka kugeuza nikimbie tena dakika ishirini, lakini Du-sik alikuwa amekunja miguu kwa maumivu, uso umekuwa kama karatasi. "Simama," akasema. "Natapika."

Nilisimama mdomoni mwa bonde, pale panapopanuka chini ya shamba la Mzee Guk. Nyasi zilikuwa zimenifika magotini, kavu kama nywele za maiti. Nilikumbuka maneno ya Ma. Namwapia yeyote atakayesoma hapa: niliyakumbuka. Nikasema dakika moja tu. Injini sikuizima kwa sababu Ma alisema tusizime katikati, na kwa sababu Du-sik alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Haikuwa dakika moja. Zilikuwa kumi. Nilimshika kiuno naye akatapika maji ya njano. Nilisikia harufu ya kuungua nikadhani ni masizi, kama siku zote.

Tulipoondoka nilitazama kwenye kioo. Moshi mwembamba, kisha moto, mpana kama mkeka wa kulalia. Nikakanyaga breki.

"Endesha," Du-sik akasema. "Gari litalipuka. Endesha!"

Nikaendesha. Mita mia tatu mpaka nyumbani. Nikalisimamisha kwenye saruji, nikapiga simu ya zimamoto nikasema kuna moto bondeni, wakaniuliza jina, nikakata. Nikakimbia na ndoo. Ndoo! Nilipofika moto ulikuwa umeshapanda misonobari, na upepo ulikuwa unaubeba kwa mafungu, unautupa mbele.

Uliruka barabara ukaishika nyumba ya Bibi wa Imgye, tunayemwita kwa jina la kwao alikotoka, ambaye ana miaka themanini na miwili na hawezi kutembea bila kigari chake. Mzee Guk ndiye aliyeingia. Nilimwona akitoka na bibi mgongoni, koti lake linafuka moshi, anatukana matusi yasiyoandikika, anamwambia, "Nishike shingo, mwanamke, si masikio!" Helikopta ziliteka maji bwawani mpaka jioni. Mlima wote wa upande huu ni mweusi. Bibi yuko hospitali, moshi umemwingia mapafuni. Leo Du-sik alipokuwa kwenye mashine, yeye alikuwa ghorofa ya juu yake.

Machi 6, Jumatano

61.0, 59.4. Maafisa wa misitu wamekuja. Kwenye shamba la Mzee Guk, hatua arobaini kutoka tuliposimama, wamekuta duara jeusi. Asubuhi ya Jumapili alikuwa amechoma mabua.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Nilidhani atawatukana. Alivua kofia.

"Nilichoma," akasema. "Nilimwaga ndoo mbili. Nilidhani zimetosha. Mimi ni mzee, macho yangu si mazuri. Labda kaa moja lilibaki."

Mtu akatema mate karibu na miguu yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiongozi wa kijiji, mdomo wangu umefumbwa.

Machi 7, Alhamisi

Nimemwambia Du-sik twende tukaseme.

"Tukaseme nini?"

"Kwamba ni sisi."

"Nani alituona? Guk kakubali mwenyewe. Ni mzee, watamkaripia wamwachie. Sisi watachukua gari. Likiondoka gari, mimi nafikaje kwenye mashine? Unibebe?"

"Kuna basi."

"Kituo kiko zaidi ya kilomita. Ngazi ya basi iko hapa." Akajigusa pajani. "Nikikosa mara mbili nimekufa, Mama Sorim. Unajua. Nyamaza."

Nikanyamaza. Hakuwa anasema uongo.

Machi 8, Ijumaa

61.2, 59.5. Kwenda na kurudi hatukusemezana.

Machi 10, Jumapili

Hatukwenda baharini. Kutoka dirishani namwona Mzee Guk akipanda na koleo mlima ulioungua. Kaburi la mkewe limeungua, nyasi za juu yake zimekuwa majivu.

Machi 12, Jumanne

Gari limekata nguvu tena. Ma amelipandisha juu, akaingia chini yake na tochi. Akatoka na kitu kiganjani, akakiweka mezani juu ya gazeti. Fungu la nyasi lililoungua, limekaangika pamoja na uchafu wa chini ya gari.

"Limekwama juu ya kichujio," akasema. "Hii nini, shemeji?"

Nilitazama ukuta. Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa.

"Mimi ni fundi," akasema Ma. "Si polisi. Ukiniambia nitupe, nitatupa, na sitauliza tena. Ukiniambia niweke, nitaweka."

Tangu Novemba nilimwita tapeli moyoni. Mtu huyu alinionya mara mbili, na sasa ananipa mlango bila kunisukuma.

"Weka," nikasema.

Akalifunga kwenye mfuko wa mkate, akaandika tarehe.

Machi 15, Ijumaa

61.5, 59.8. Bibi wa Imgye amefariki asubuhi hii. Nimesikia kwenye lifti.

Machi 16, Jumamosi

Tumekwenda kwenye ukumbi wa msiba. Niliinama mara mbili mbele ya picha yake. Kwenye picha anacheka, amevaa kofia ya jua. Mwanawe akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuja na mgonjwa. Wakatupatia supu ya nyama. Du-sik hakuigusa. Mimi niliinywa, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Mzee Guk akaja. Alivaa suti nyeusi inayompwaya, mkono mmoja una bendeji. Mwana wa marehemu akamzuia mlangoni, pa kuvulia viatu.

"Umekuja kuona kama ameiva vizuri?"

Nilingoja Mzee Guk aseme kwamba yeye ndiye aliyembeba. Hakusema. Akatoka nje, akapiga magoti kwenye saruji, karibu na ndoo ya vichungi vya sigara, akainamisha kichwa. Tulipotoka baada ya saa nzima alikuwa bado pale. Ilinibidi nipite ubavuni pake. Akainua macho.

"Mama Sorim," akasema. "Umekula?"

Machi 18, Jumatatu

60.7, 59.6.

Nilipomrudisha Du-sik nyumbani nilipanda mlimani. Majivu yalinifika vifundoni. Mzee Guk alikuwa anapanga upya udongo wa kaburi kwa viganja, kama mtu anayekanda unga. Nilipiga magoti hatua tano kutoka kwake, nikamwambia. Gari, nyasi, dakika kumi, moto wa ukubwa wa mkeka, simu niliyoikata. Sikuacha kitu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu mchana."

"Mimi nilichoma saa moja asubuhi."

"Ndiyo."

"Ndoo mbili zilitosha."

"Zilitosha, Mzee."

Akakaa chini. Alitazama kaburi, kisha akanitazama mimi, kisha kaburi.

"Siku kumi na tano," akasema. "Kila siku napanda hapa. Namwambia, mke wangu, nisamehe, nimekuchoma. Kila siku. Wewe unaniona kutoka dirishani kwako."

"Nilikuwa nakuona."

Akachukua bonge la udongo akanitupia. Likanipata begani. Akatupa la pili, likanipata kifuani. Sikusogea.

"Nenda!" alipiga kelele, sauti ikapasuka kama ya mtoto. "Nenda kawaambie kabla sijakuua! Nenda!"

Nikashuka. Sikupita nyumbani. Nilipita gereji, Ma akanipa mfuko wa mkate bila swali, akavua aproni, akasema atanisindikiza mpaka mlangoni. Kwenye kituo cha polisi afisa mmoja kijana akaandika. Jina? Gye Myong-rye. Umri? Hamsini na tisa. Akaandika kurasa nne, kisha akaweka kalamu.

"Mama, hakuna aliyekushuku. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu aliniuliza kama nimekula," nikasema. Hakuelewa. Aliandika hivyo hivyo.

Gari wamelichukua kabla ya jua kuzama. Kesi itakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kuna mtu aliyekufa, afisa akasema, kwa hiyo si jambo dogo.

Machi 19, Jumanne

Du-sik amegeukia ukuta. Neno lake moja tangu jana: "Umeniua."

Machi 20, Jumatano

Tulichukua kiti cha ofisini cha kiongozi wa kijiji, chenye magurudumu, nimsukume Du-sik mpaka kituo cha basi. Hakutukataza wala hakututazama. Gurudumu moja lilikatika njiani, tukalikosa basi. Hakusafishwa damu leo. Amevimba miguu. Nimempima nyumbani: 62.9.

Machi 21, Alhamisi

Sikulala. Nasikiliza anavyopumua. Asubuhi Ma amekuja na nati mpya ya gurudumu.

Machi 22, Ijumaa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumeshatoka. Tulifika kituoni mapema, tukangoja kwenye baridi. Basi lilikuwa na watu kumi hivi, wote wa bonde letu au la pili. Hakuna aliyenyanyuka. Mara ya kwanza nilimwinua mguu ukateleza. Mara ya pili tukaanguka wote wawili kwenye ngazi. Dereva akasema, "Taratibu, mama, sitawaacha." Mara ya tatu nilimsukuma kwa bega na kichwa, kama gunia. Akaingia akihema, akakaa kiti cha kwanza. Wanawake wawili waliokaa nyuma yake wakahamia mwisho wa basi.

63.8 kabla.

Muuguzi aliyekuwa anamfunga mkono alikuwa mgeni, hatumjui. Chumba kilikuwa kimejaa, vitanda kumi na viwili, na kwenye kitanda cha dirishani alikuwapo binamu wa marehemu Bibi wa Imgye. Du-sik alimwona tulipoingia. Mimi pia nilimwona.

"Baba, juzi hukuja," muuguzi akasema. "Hairuhusiwi kukosa hata siku moja. Gari liliharibika?"

Nilifungua mdomo nimjibie, kama ninavyomjibia siku zote. Du-sik aliinua mkono ule ambao haukufungwa.

"Gari liko polisi," akasema. Sauti ya mtu aliyezoea kupaza juu ya injini. Ilifika kila kitanda. "Tulilisimamisha kwenye nyasi likachoma mlima wa Darakgol. Bibi wa Imgye amekufa kwa sababu yetu. Mimi nilimwambia mke wangu asimame pale. Alipotaka kurudi kuzima, mimi nilimwambia aendeshe. Polisi hajaandika hilo kwa sababu mke wangu hakumwambia. Nikimaliza hapa nitakwenda nikamwambie."

Muuguzi alikuwa ameshika sindano hewani. Mashine ya jirani ililia, hakuna aliyekwenda kuizima. Binamu wa marehemu aligeuza uso akaelekea dirishani, mabega yanamtikisika.

"Endelea, binti," Du-sik akasema, akanyoosha mkono. "Choma."

Kwa muda wa saa nne nilikaa kwenye benchi pembeni yake. Hakulala kama kawaida yake. Alikuwa anatazama dari.

60.1 baada. Polisi ni kituo kimoja cha basi kutoka hospitali. Tumekwenda kwa miguu, ameniegemea begani, kwa sababu hakutaka kupandishwa basini tena.